Barua ya Kunisifu

Kwetu mtu hajisifu. Akijisifu watu wanamng'ong'a, na msomi ndiye anayetakiwa kunyamaza zaidi. Ndiyo maana ile visa ya watu wenye vipaji vya pekee ilinichosha kuliko kazi yenyewe. Nilitakiwa kuwathibitishia Waingereza kwamba mimi si mtu wa kawaida, nami nilikuwa naishi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, juu ya duka la simu, najikokota kila asubuhi kwenda kazini kama wenzangu wote.

Kazi yangu ni maji: kuyaondolea floraidi, yale madini yanayogeuza meno ya watu kuwa ya kahawia. Yangu pia ni ya kahawia, maana nimekulia kwenye maji hayo, kule chini ya Mlima Meru. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinaelekea kwisha. Visa hii ndiyo ingetufikisha kwenye ukaazi wa kudumu; tukiikosa, tunafungasha virago, na binti yetu hajui kwao kwingine.

Nilimwomba barua mwalimu wangu wa chuo kikuu nyumbani. Aliandika upesi, Mungu ambariki. Aliandika kwamba nina adabu, nawaheshimu wakubwa, na sijawahi kugombana na mtu maabara. Mwisho akaweka: "Tunamsubiri arudi."

Wakili wangu, dada wa Kikenya mwenye ofisi Peckham, aliisoma akavua miwani.

"Hii ni barua ya kuposea," alisema. "Application inataka aseme wewe ni exceptional, na utawafaidi nini hapa. Halafu hapo mwisho amekumaliza kabisa."

Ikabidi nimpigie mzee. Nilikuwa kituo cha basi, ndege zinashuka juu ya kichwa changu, miguu inaniuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Alicheka. "Haya, nitajie basi sifa zako, niandike."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Mtu aliyenifundisha hata kushika chupa ya sampuli, namwambia mimi ni mmoja wa mabingwa wa dunia! Kila nilipotaja sifa aliitikia, "Ehe, nyingine," kama mwenye duka anayepokea oda. Nikamwomba pia afute ile sentensi ya mwisho.

"Ipi?" aliuliza, na alikuwa anaijua.

"Ya kunisubiri."

"Haya. Nimeifuta."

Visa ilitoka. Mke wangu alilia jikoni, binti akauliza kama sasa tunaweza kufuga paka. Mimi nilitamani kulala tu, lakini kwanza nilimpigia Mwalimu. Alifurahi kwelikweli, akanipa hongera, akarudia tena.

"Sasa nikuulize," alisema. "Ile meza yako ya dirishani, hapa maabara. Miaka yote hii nimewakataza watu wasiikalie. Nimpe mwingine?"



"Mpe, Mwalimu," nikasema.