Mto Niliouita Daraja

Mimi ni mtu wa Uriri, na kazi yangu ni kupita barabarani. Ofisi yetu ya ramani iko Nairobi. Huko kuna watu wanaotazama picha zilizopigwa kutoka angani, na kuchora mstari kila wanapoona kitu kinachofanana na njia. Mstari wasio na uhakika nao wanautia kitone chekundu, nami natumwa na pikipiki niende niuone kwa macho. Kofia yangu ina kamera inayopiga picha yenyewe, na simu iliyofungwa kwenye usukani inaandika kila nilipopita. Nikisimama najaza fomu humo humo kwenye simu: njia ni ya lami au ya udongo wa murram, ina matuta, ina geti, watu wanaiitaje. Nikimaliza, kitone kinageuka kijani, na tangu hapo simu ya mtu yeyote inaweza kumwambia dereva akate kushoto.

Nilianzia Homa Bay, upande wa Kisegi, ambako njia nyingi zinashuka ziwani na kuishia kwenye mitumbwi. Watu wa huko walitaka kujua jambo moja tu, kama nimetumwa kupima mashamba yao. Niliwajibu kwa Dholuo, lugha yetu sote, wakaniacha. Kisha nikahamishiwa Ntimaru, kwa Wakuria, ambako Dholuo haikuwa na kazi. Huko tulizungumza Kiswahili, wao na chao, mimi na changu, tukaelewana.

Ilikuwa kiangazi. Mchana mmoja nilifika kwenye mto mdogo usio na daraja. Maji yalikuwa yanapita juu ya mawe, hayafiki hata kifundo cha mguu. Nilivuka bila kuteremka kwenye pikipiki. Ng'ambo kulikuwa na duka moja la mabati, na mama mwenye duka alinitazama nikipita. Nilisimama mbele kidogo nijaze fomu. Fomu iliuliza njia inavukaje mto, ikanipa majibu matatu: daraja, feri, au haivuki. Feri haikuwepo. Kusema haivuki ingekuwa uongo, maana nilikuwa nimevuka. Nikabonyeza daraja. Kitone kikageuka kijani, nikaenda kutafuta chai.

Nilirudi huko mvua zilipokuwa zinaisha, nimetumwa kwa njia nyingine ya jirani. Nilisimama kwenye lile duka la mabati kununua maji. Mama alikuwa mtu wa makamo, sauti yake ya chini. Aliiona kamera kwenye kofia akaniuliza inafanya nini. Nikamweleza.

"Kumbe ni nyinyi," alisema. "Basi kaa nikwambie."

Alinisimulia akiendelea kupima sukari. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mwalimu mmoja, mgeni, aliyekuwa ameletwa shule ya huko mwezi uliopita tu, alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake. Alikuwa na mwalimu mwenzake, naye pia mgeni. Walipata gari lililokuwa limeleta wageni kutoka Homa Bay, dereva akakubali kuwapeleka hospitali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua njia. Wakaiuliza simu. Simu ikawapa njia fupi, na kwenye njia fupi kulikuwa na daraja.

"Dereva alikuja mbio," alisema mama. "Mimi nilikuwa hapa mlangoni. Nikapiga kelele, lakini madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Akaingia tu kwenye maji."

Gari lilizimika katikati, maji yakafika kwenye viti. Wanaume waliokuwa shambani wamejikinga mvua waliacha majembe, wakaingia mtoni wameshikana mikono. Mama aling'oa mlango wa duka lake, wakamlaza mwalimu juu yake na kumbeba hadi ndani. Mtoto alizaliwa nyuma ya kaunta, kati ya magunia, mikononi mwa mama mkwe wa mwenye duka. Alikuwa msichana, na alilia mara moja. Mwalimu alitokwa na damu nyingi. Ilibidi itafutwe trekta imzungushe kwa barabara kubwa hadi hospitali. Alipona.

"Kesho yake gari likavutwa na ng'ombe," mama alimaliza. "Sasa niambie, nani aliona daraja hapa?"

Ningeweza kusema ni watu wa Nairobi. Nilikuwa na sentensi hiyo tayari mdomoni.

"Ni mimi," nilisema.

Alifunga mfuko wa sukari kwa fundo, akaufungua, akaufunga tena. "Mimi nilikuona siku hiyo," alisema. "Ulipita. Hukuuliza mtu."

Jioni hiyo niliandika masahihisho na kuyatuma ofisini, pamoja na picha za mto. Nilijibiwa kwamba yamepokelewa.

Siku ya tatu nilienda shuleni. Mwalimu alikuwa bado likizo ya uzazi, anakaa kwenye nyumba ya walimu na dadake. Alitoka na mtoto begani. Nilijitambulisha nikiwa nimesimama uani, nikamwambia nilichofanya kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi yangekuwa ya kujitetea. Alinisikiliza akimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwanza nilimlaumu dereva," alisema. "Baadaye nikailaumu simu. Sikuwahi kufikiria kuna mtu."

"Pole, mwalimu."

"Umebadilisha?"

"Nimetuma masahihisho."

"Nimeuliza kama umebadilisha."

Nilitoa simu nikaitazama njia ile. Mstari ulikuwa bado umevuka mto. Nilimwonyesha. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Alisema tu kwamba wiki hiyo wazazi wa wanafunzi walikuwa wanatarajia wageni wa mahafali, na wengi wao wangeuliza simu njia. Kisha akaingia ndani, maana mtoto alikuwa ameanza kulia.

Nilirudi mtoni. Mimi na mama mwenye duka na wanaume wawili tulikata matawi ya miiba tukaziba njia pande zote mbili, tukaacha upenyo wa watu na mifugo. Nilinunua kopo la rangi, nikaandika kwenye kipande cha bati: HAKUNA DARAJA. Mmoja wa wale wanaume, aliyekuwa mbele siku ile ya kumbeba mwalimu, aliusoma mwandiko wangu akacheka.

"Mura, hii ndiyo ungeandika mara ya kwanza," alisema, akiniita kijana kwa Kikuria.

Nilicheka pia, lakini uso ulikuwa unaniwaka.

Nilipiga simu ofisini kila asubuhi. Msichana aliyepokea alikuwa mpole, akinieleza kwamba masahihisho yanapangwa foleni na mengine yametangulia. Siku ya nne nilimwambia habari za mlango wa duka na magunia. Aliniomba nisubiri. Mchana huo mstari ulikatika mtoni. Baada ya muda fomu nayo ikaongezwa jibu la nne: panavukika kiangazi tu. Sijui kama lilitokana na simu zangu, na sikuuliza.

Bado nafanya kazi hii. Ninapofika penye maji nateremka kwenye pikipiki na kumtafuta mtu wa kumuuliza yanafika wapi mvua ikinyesha. Mara nyingi ni mwanamke anayefua, naye hunionyesha kwa mkono kwenye mwili wake mwenyewe: gotini, kiunoni, kifuani. Fomu haina mahali pa kuandika hivyo, kwa hiyo naandika kwenye daftari, na jioni nawasomea ofisini kwa simu, mto mmoja mmoja.