Bafa Niliyoirudisha Chupani

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kurudisha bafa kwenye chupa. Nalitaja mapema kwa sababu kwa miezi mingi sikujua kwamba ni kosa, na nilipojua nilitaka kulificha.

Mita yangu ya pH ni kifaa cha ukubwa wa kalamu nene, chenye ncha ya kioo chini na kidirisha cha namba juu. Unaichovya kwenye udongo uliokorogwa na maji, nayo inakuonyesha kama udongo una asidi. Saba ni katikati. Ukishuka chini ya hapo, asidi inazidi. Lakini mita haijui chochote yenyewe. Kwanza unaichovya kwenye maji ambayo namba yake inajulikana, ndiyo hayo yanayoitwa bafa, kisha unairekebisha mpaka ikubaliane nayo. Bafa huja ikiwa unga kwenye vipakiti vidogo. Unaukoroga na yale maji safi ya kuongezea betri ya gari, yanayouzwa petroli stesheni, unapata chupa moja ya saba na nyingine ya nne.

Haya yote nilijifundisha mwenyewe, ili niwapimie watu udongo wa mashamba yao, katika chumba changu cha kupanga hapa mtaa wa Huruma, kwa video za simu na karatasi ya maelezo yenye herufi ndogo kama mchanga. Sikusomea maabara popote. Labda ndiyo sababu nilikuwa mwoga kiasi kile. Aliyefundishwa darasani akikosea, amekosea tu. Mimi nikikosea nilihisi nimekamatwa.

Kwa hiyo nilirekebisha mita kupita kiasi. Saba, nne, halafu saba tena kuhakikisha, halafu nne tena kwa sababu sikuamini ile saba ya pili. Asubuhi za baridi nilikumbatia chupa ndani ya sweta kwanza, maana nilisoma kwamba ubaridi unabadilisha namba. Nilimimina bafa kidogo kwenye kikombe, nikachovya, na nikimaliza niliirudisha yote chupani bila kupoteza hata tone. Kumwaga niliona ni uzembe. Kila siku mita na chupa zilikubaliana, nami nilitulia.

Chini ya ploti yetu, jengo lenye vyumba vya kupanga, kuna duka la mama mmoja aliyehamia huku kutoka mkoa wa kati zamani, kabla mimi sijazaliwa. Ana shamba alilokodi upande wa Chepkoilel, nje ya mji. Mwaka uliotangulia mahindi yake yaligeuka zambarau yakiwa madogo, na akavuna vigunzi vya ukubwa wa kidole. Aliniletea udongo ndani ya pakiti ya unga.

“Mwaka huu nikikosa tena,” aliniambia, “namrudishia mwenye shamba shamba lake. Niambie kama nitie chokaa ama nisitie. Hiyo tu.”

Nilipima mara tano. Sita kamili: asidi kidogo tu, ambayo mahindi huivumilia bila chokaa ya kuipunguza. Ile “kamili” ilinifurahisha kuliko inavyofaa. Nikashuka dukani nikamwambia, “Mama, udongo wako hauna shida. Usijisumbue na chokaa.”

Wiki mbili baadaye nilienda kununua mkate, nikamkuta ameweka pakiti ya unga ya kilo mbili juu ya mizani, ameinama kuangalia mshale.

“Mama, nani huyo unampimia unga na pakiti imefungwa?” nikamtania.

“Sipimi unga. Napima mizani. Kila asubuhi kabla sijauzia mtu sukari.”

“Na pakiti ni ile ile kila siku?”

“Aa, hii jioni itakuwa imeuzwa. Kesho nachukua ingine mpya. Ikikaa hapa kaunta kila mtu anaishika, inatoboka, inamwagika kidogo kidogo. Itakubaliana na mizani mbovu, halafu mimi nabaki nikijisifu kwamba mizani yangu haidanganyi.”

Sikununua mkate. Nilipanda ngazi, nikafungua kipakiti kipya cha saba, nikakoroga, nikachovya mita. Ilisoma saba nukta saba.

Nilikaa kitandani nikiiangalia. Kila nilipotoka kwenye nne kwenda saba nilibeba tone kwenye ile ncha, na nilipomaliza nililirudisha chupani pamoja na bafa yote. Saba yangu ilikuwa imeharibika polepole, na mita ilikuwa inajifunza kutoka kwake. Ningekuwa mvivu kidogo, ningerekebisha mara chache, na chupa ingebaki safi zaidi. Wasiwasi wangu wenyewe ndio uliokuwa ukiichafua.

Udongo wa Mama nilikuwa bado nao, kwa sababu mimi huweka mabaki ya kila udongo kwenye mkebe wenye karatasi ya tarehe. Nikarekebisha mita kwa bafa mpya, nikapima. Tano nukta tatu. Shamba lile lilihitaji chokaa kabla mvua haijaanza, na mimi ndiye niliyemwambia asitie.

Kufikia mchana nilikuwa nimeandika meseji tatu za kumtumia Mama. Moja ilisema udongo huwa unabadilika. Nyingine ilisema nimepata njia bora zaidi ya kupima. Nilizifuta zote, nikashuka.

Dukani kulikuwa na fundi wa jua kali, wa kibanda cha jirani, akila mandazi. Nilingoja aondoke. Hakuondoka.

“Mama,” nikasema, “ile namba niliyokupa si ya kweli. Chupa zangu zilikuwa zimeharibika. Udongo wako unataka chokaa.”

“Daktari wa udongo ameua mgonjwa!” fundi akasema huku mdomo umejaa.

“Nyamaza wewe, mgonjwa hajafa. Mvua haijanyesha.” Mama akanigeukia. “Na hii ya leo, nitajuaje ni ya kweli?”

Nilirudi juu, nikashuka na mita, mkebe wa udongo, vikombe na vile vipakiti viwili vya mwisho. Alivikata mwenyewe kwa mkasi wake wa dukani. Nilikoroga mbele yake, nikarekebisha saba, nikasuuza, nikarekebisha nne, nikasuuza. Fundi aliweka andazi chini, akasogea kuangalia kidirisha. Udongo ulisoma tano nukta tatu. Mama aliiandika namba kwenye kipande cha katoni.

“Umejua lini?”

“Asubuhi, nilipotoka hapa.”

“Na sasa ni saa nane. Ulikuwa wapi?”

“Niliogopa, Mama.”

“Ungeogopea mahindi yangu kwanza.”

Chokaa iliingia shambani wiki hiyo. Mahindi yalibaki kijani, ingawa siwezi kuapa ni chokaa tu, kwa sababu mvua pia ilikuwa nzuri. Shamba hakulirudisha, na kabla ya msimu uliofuata aliniletea udongo tena. Aliuweka kaunta, na mkasi juu yake.

Siku hizi bafa niliyotumia naimwaga. Mita nairekebisha mara moja kwa kila siku ya kupima, kisha naiacha. Na nikigundua nimekosea, namwambia mwenye udongo saa hiyo hiyo, kabla sijaandika meseji yoyote.