Duka Lililomwita Kila Mtu Roho Yangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kinachonipandisha upesi ni mtu kuniambia kazi yangu ni kubonyezabonyeza. Naandika programu za Java katika ofisi ya wakala wa forodha huko Kilindini. Ni kazi ya heshima kabisa, ingawa mamangu akiulizwa husema mwanawe anatengeza simu.

Katika ofisi hiyo palikuwa na karani wa makaratasi ya mizigo, msichana wa Mji wa Kale, niliyempenda tangu siku aliponirudishia faili na kuniambia nimeandika upuuzi. Alisema kweli. Tulielewana, kwa macho zaidi kuliko kwa maneno, kwamba nitamposa. Lakini mimi ni wa ng'ambo ya Feri, kwao ni watu wa vichochoro vya ndani, babake alikuwa ameshafariki, na neno la mwisho lilikuwa la mamake. Hapo hapana njia ya mkato. Mtu hajiposei. Anatumwa ami yake na kilemba na maneno yaliyopangwa, na kabla ya hapo mama mtu awe ameshaona kwamba wafaa kitu.

Bahati ikanitafuta. Mama huyo alikuwa akioka mkate wa sinia, mkate wa mayai na vileja nyumbani kwake, karibu na Makadara, na maagizo yalikuwa yakimchanganya kichwa. Akataka duka la kwenye simu, na binti akamwambia kuna kijana ofisini. Ami yangu akanipa shauri. "Mfanyie kazi nzuri kwanza," akasema. "Mambo yakitulia, mimi ntakwenda na maneno yangu. Weye usitie neno hata moja."

Sasa nieleze kidogo, na sitarefusha. Duka la namna hii lina kurasa kadhaa, na nyuma ya kila ukurasa kuna kipande cha programu kinachopokea ombi la mteja na kulijibu. Mimi nakiita mpokezi. Mpokezi wa kwanza anamwuliza mteja aitwe vipi. Wa pili anauliza anataka nini. Wa tatu, apelekewe nyumba gani. Wa nne anashukuru na kutoa risiti. Tabu ni kwamba wapokezi hawa hawana kumbukumbu hata chembe. Wa pili hajui wa kwanza aliambiwa nini. Usipompa, hana.

Swali lile la kwanza aliliagiza mama mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeweka "Bwana" na "Bibi" tu, akanitazama kana kwamba nimeingia sebuleni kwake na viatu.

"Mwanangu," akasema, "hapa pana maalim, pana sharifu, pana hajjati, pana mama wa fulani ambaye ukimwita vingine hanunui kitu mwaka mzima. Waulize wenyewe wataka kuitwaje. Na kulla ukurasa uwaite vivyo hivyo. Mtu hasalimiwi mlangoni, kisha akifika ndani akaulizwa ni nani."

Kwa hivyo neno la heshima la kila mteja, ambalo hakuna ajuaye atakuja kuandika nini, ilibidi lipitishwe kutoka mpokezi hadi mpokezi bila kupotea njiani. Kwanza nililihifadhi kwenye seva, katika kumbukumbu ya muda. Lakini wateja wa mama hawaagizi mkate mbiombio. Mtu anachagua vileja, anakwenda kukoroga chungu, anaswali, anazungumza na jirani dirishani, na akirudi kumbukumbu imeshapitwa na muda wake na duka linamwuliza tena, "Tukuiteje?" Hajjati mmoja aliandika ndani ya kisanduku cha jibu: "Wanifahamu."

Nikapandwa na hasira, na hasira ikazaa akili, au ndivyo nilivyodhani. Nikalitoa neno kwenye seva nikalitia ndani ya anwani ya ukurasa, ule mstari mrefu ulioko juu kabisa. Kila mpokezi angelisoma hapo, alitumie, kisha alipachike kwenye anwani ya mwenzake anayefuata. Na wote nikawafunza adabu moja: mkikuta neno liko tayari, msiulize tena. Mteja akakoroge hata vyungu saba, akirudi ataitwa vilevile.

Kilichobaki ni kulijaribu, na ili kulijaribu nilihitaji neno lolote la kuandika. Karani wangu alikuwa upande wa pili wa chumba, na mtandio wake wa kijani, akigonga mihuri kwa ghadhabu. Nikaandika "roho yangu."

"Karibu, roho yangu," likasema duka. "Leo tukupe nini, roho yangu?" Kurasa zote nne zilinijibu bila kukosea hata moja. Nilifurahi mpaka akili ikahama. Nikainakili anwani pale juu, yote kama ilivyokuwa, nikamtumia mama. Naye akaituma kwenye kundi la simu la wanawake wa mtaa, na wanawake wa mtaa wakawatumia waume, wajomba na ukoo mzima.

Ambaye hajaona balaa ilipo, ndiyo hii: neno langu lilikuwa limo ndani ya ile anwani. Kila aliyeibonyeza aliingia dukani akiwa nalo mkononi, na wapokezi wangu wenye adabu, kwa kuliona lipo, hawakumwuliza kitu.

Maalim wa madrasa aliitwa roho yangu kwenye kila ukurasa akiagiza mkate wa mayai. Nambari yangu ilikuwa chini ya risiti, basi akanipigia, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kuuliza kama imempasa kujibu. Dereva mmoja wa malori ya bandarini alisoma kwenye simu ya mkewe, "Asante, roho yangu, mzigo wako uko njiani," akaenda mbio hadi mlangoni kwa mama kutaka kujua huyo mtuma mzigo ni nani. Mama akamtilia vileja sahanini. Alivila vyote na akaondoka bado amenuna.

Mwishowe binti akaja mezani kwangu.

"Nenda kwa mama, yuwakwita."

"Amekasirika?"

"Hajasema kitu."

Niliogopa. Sikuogopea duka, maana duka ningelitengeza kabla chai haijapoa. Niliogopa kwamba posa ya ami, ambayo haikuwa hata imetoka nyumbani, imeshavunjika, na aliyeivunja ni mimi kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nilimkuta mama jikoni akipanga vileja. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniambia nikae. Akapanga sinia nzima.

"Hino roho yako," akasema mwishowe, "ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za anwani na wapokezi na kumbukumbu ya seva. Nilieleza vizuri mno, sijapata kueleza vizuri vile hata nikilipwa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hayo nimefahamu," akasema. "Mimi nimeuliza ni nani."

Ami aliniambia nisitie neno. Lakini ami hakuwako pale jikoni.

"Ni binti yako, mama," nikasema.

Akachukua kileja kilichovunjika, akakitia kinywani, akakitafuna taratibu.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Mwambie ami yako aje. Na asitaabike kwa maneno marefu, mtaa mzima ushasoma."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwomba radhi, nikaapa kwamba kabla ya magharibi neno lile litakuwa limeondoka kwenye simu za watu wote. Akajifuta mikono kwenye leso, akaketi.

"Mimi ndiye wa kwanza kuifungua," akasema. "Kabla sijamtumia mtu. Nliona ilivyoniita. Na nlijua si mimi, mimi si mjinga." Akaitazama sinia. "Marehemu babake alikuwa akiniita hivyo. Nkakaa nayo kidogo. Kisha nkasema, haya, na wenzangu nao waitwe."

Nikatoa simu yangu nianze kazi.

"Za watu zitengeze," akasema. "Yangu iwate vivyo hivyo ilivyo."

Jioni ile niliwafunza wapokezi wangu adabu nyingine, kwamba wasiliamini neno wanalolikuta kwenye anwani, wamwulize kila mteja mwenyewe, isipokuwa kwenye simu moja tu. Mama mkwe wangu huamka mapema. Kabla hajawasha jiko hulifungua duka lake, husoma ukurasa wa kwanza, kisha hulifunga bila kuagiza kitu.