Pampu Ambayo Hakuna Aliyeiita

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kucha mbili na kujifungia chooni nikalia. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye chumba cha kutoboa kadi. Ninyi vijana hamkuziona hizo kadi. Zamani kompyuta haikusoma ulichoandika, ilisoma matundu kwenye kadi ngumu. Msichana mmoja alitoboa akifuata karatasi, kisha msichana wa pili akapiga upya maneno yaleyale kwenye mashine ya kuhakikisha. Mikono miwili ikitofautiana, mashine iligoma na taa nyekundu ikawaka. Mimi nilikuwa huyo msichana wa pili.

Chef de salle, mkuu wa chumba chetu, alikuja kunitoa chooni mwenyewe. Aligonga mlango kwa kalamu.

"Mama, toka. Nikuambie kintu kimoja, kisha utalia muzuri. Ile mashine inaonaka tofauti tu. Kosa, haiione. Mukikosea bote babili namna moja, itapita, na taa haitawaka. Umesikia?"

"Nimesikia, Chef."

Nilisikia, na pengine ingekuwa heri nisingesikia, kwa sababu tangu siku ile wasiwasi ulihamia kwangu na mizigo yake yote. Nilirudia kadi zilizokwisha kupita. Nyumbani nilirudi mara tatu kutazama kama nimezima jiko. Wenzangu wakaniita Mama Doute, mama wa shaka, na jina likaganda.

Kadi zilipokwisha nilihamishiwa kwenye chumba cha programu. Chef de service wa huko alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Ba programmeurs banajenga. We, Mama Doute, njo utabomoa." Hivyo nikawa mjaribu. Kazi ya mjaribu ni kuvunja programu mezani kabla haijavunjika mbele ya watu.

Kampuni yetu ilihudumia pampu za mgodi wa chini ya ardhi, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini. Jina lake halina faida leo, ilikwisha kufungwa. Mgodi wa namna hiyo haukauki kamwe. Pampu zikisimama, maji yanarudi kudai mahali pake. Huko juu kulikuwa na kompyuta iliyopima maji na kuita pampu: mbili kubwa za kila siku, na mbili za msaada, ya tatu na ya nne, ambazo ziliitwa maji yakipita alama. Pampu ikiitwa isiitike, king'ora kililia. Na mume wangu, Baba Kyungu, alikuwa pompiste, mlinzi wa pampu, kule chini kabisa. Kila mstari wa programu niliojaribu, niliona buti zake.

Ndipo ikaja ile miaka ya kuvunjika. Maduka yaliporwa, mshahara ulikuja ulipojisikia, reli ikalala. Kampuni ikagawa ofisi yake. Ingénieur Mwamba alipelekwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, ambako vipuri vilipatikana. Ingénieur Kasongo alibaki nasi Lubumbashi. Simu zilikufa. Iliyobaki ilikuwa phonie, ile redio ya kuongea mbali, kwenye depo ya Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Malori yake yalipanga foleni mpakani Kasumbalesa pamoja na ya wengine, na chini ya kiti cha dereva, kwenye mfuko wa plastiki, zilisafiri disketi zetu.

Shida ilikuwa moja: wahandisi wawili, programu moja. Kila mmoja alirekebisha nakala yake, na nakala zikaachana. Mkurugenzi wa Kazi, mtu aliyevaa tai hata siku ambazo ofisi haikuwa na umeme, akaleta dawa. Ilikuwa programu ya kutunza matoleo. Inakumbuka kila badiliko, nani alilifanya, na juu ya nakala gani. Ukiipa nakala mbili zilizotoka kwa mama mmoja, inaziunganisha ziwe moja. Watu wawili wakiwa wamegusa mahali pamoja, inasimama na kuweka alama, ikikuachia wewe uamue. Hapo ndipo panaitwa mgongano.

"Mama Doute," Mkurugenzi akasema, "nakupa wiki moja. Kama iko muzuri, unasign fiche, tunaanza."

Nilichukua daftari nikalipa jina: Mitego. Mtego wa kwanza ulikuwa mwepesi. Nilijifanya Kasongo nikabadilisha mstari mmoja, nikajifanya Mwamba nikabadilisha mstari uleule. Programu ilisimama na kuweka alama. Vema. Wa pili: mmoja anafuta mstari, mwenzake anaurekebisha. Ilisimama. Wa tatu: mmoja anahamisha kifungu kizima kukipeleka chini, mwenzake anabadilisha neno ndani ya kifungu kilekile kikiwa bado juu. Hapo nilidhani nimeikamata, lakini ilisimama tena. Wa nne: wote wawili waandike jambo moja, herufi kwa herufi. Ilipita kimya, na ilistahili kupita.

Mtego wa tano niligusa sehemu mbili zilizo mbali. Huyu mwanzoni mwa programu, yule karibu na mwisho. Ilipita kimya vilevile, mabadiliko yote mawili yakiwa ndani. Nikaandika kando yake: imefaulu. Niliandika kwa kalamu ya buluu, na mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikatia sahihi kwenye fiche, ile karatasi ya kuthibitisha, jina langu zima. Mkurugenzi alifurahi akaagiza nakala yake ibandikwe mgodini ukutani, ili wafanyakazi wajue kwamba mambo yamepimwa.

Baada ya miezi kadhaa umeme ulipungua. Mkurugenzi akatoa amri: mgodi hauwezi tena kubeba pampu mbili za msaada, zikiwaka pamoja zitaangusha umeme wote hata lifti ya watu isimame. Pampu moja ya msaada iondolewe kwenye programu. Huko chini vitufe vya mkono vikafungwa kwa kufuli; huko juu swichi ya mkono ikafungiwa kwenye kisanduku, ufunguo wake ukakaa kwa chef de poste, mkuu wa zamu.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika nyakati hizo ujumbe ulipotea ovyo. Mtu mwenye akili alituma neno lake kwa njia mbili, ili moja likipotea lingine lifike. Sote tulifanya hivyo, hata kwa habari za msiba. Mkurugenzi alimpa Kasongo amri kwa mdomo, na kwa hofu kwamba Kasongo, aliyekuwa na malaria, hataifanya, akamtumia Mwamba amri ileile kwa lori. Zote mbili zikafika.

Disketi ya Mwamba ilirudi Jumatatu. Tuliunganisha nakala zote mbili mchana, mimi, Kasongo na Mkurugenzi nyuma yetu. Programu haikusema kitu. Hakuna mgongano hata mmoja. Mkurugenzi alinipiga bega, disketi ikapelekwa mgodini kwa gari la Jumanne alfajiri, pamoja na watu wa zamu, Baba Kyungu akiwamo.

Jumanne asubuhi niliiacha chai mezani. Sikuwa na sababu. Nilimwambia Kasongo naenda depo kuongea na Mwamba.

"Umuulize nini?" Kasongo akasema. "Mashine haikulalamika."

"Njo ile inaniogopesha."

Kwenye phonie mtu anaongea, anasema "over", anangoja. Sauti ya Mwamba ilikuja na mikwaruzo. Nikamuuliza alichobadilisha.

"Nilitosha pampu ya ine, nikaifuta, Mama. Ni Directeur alisema moja itoke. Niliacha ya tatu. Over."

Kasongo alikuwa ameondoa ya tatu. Nilimwona kwa macho yangu akifuta mistari yake, juu kabisa ya programu, na ya Mwamba ilikuwa chini kabisa. Kila mmoja alitii amri, na kila mmoja alimwachia mwenzake pampu moja ambayo mwenzake ameiondoa. Programu ikaunganisha utii wao. Sasa hapakuwa na pampu ya msaada hata moja, na king'ora kisingelia, kwa sababu king'ora kinalilia pampu iliyoitwa isiitike. Hizi hakuna aliyeziita. Mtego wa tano, mama yangu. Nilikuwa nimeuandika mimi mwenyewe.

Nilikimbia kwa Mkurugenzi. Alinisikiliza huku akitafuta kitu mezani, akakipata: ilikuwa fiche.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, Directeur."

"Na mashine ilisema kuko mugongano?"

"Hapana. Directeur, umeme ulikatika asubuhi hii. Maji iko napanda. Bantu beko chini!"

"Gari itarudi saa kumi. Utaenda na ile."

Sikungoja saa kumi. Nilirudi depo mbio, kiatu kimoja mkononi. Papa Kambale alikuwa anahesabu magunia ya sukari. Hakuniuliza maswali. Alimshusha dereva wa lori akashika usukani mwenyewe, na njia nzima aliomba kwa sauti, huku mimi nikimkatiza nimwambie aongeze mwendo. Sijapata kuogopa vile. Nilikuwa nikifikiria jambo moja la kipuuzi, kwamba asubuhi ile sikuagana vizuri na Baba Kyungu, tulibishana juu ya sabuni.

Kwenye chumba cha kompyuta chef de poste alikuwa amekaa kwa starehe. Taa zote za kijani.

"Mama, kuko nini? Hapa yote iko en ordre."

"Maji iko wapi?"

Akaonyesha tarakimu ndogo pembeni mwa kioo. Yalikuwa yamepita alama zamani. Umeme ulipokatika yalijaa, uliporudi pampu kubwa zilishindwa kuyapunguza. Simu ya chini haikufanya kazi, nyaya zake ziliibwa kwa ajili ya shaba.

"Fungua ya tatu kwa mukono."

"Bila ordre ya Directeur?"

"Bwana yangu iko chini! Leta ufunguo, nifungue mi!"

Sijui kama ni neno la bwana yangu au ni uso wangu. Alifungua kisanduku akazungusha swichi. Tulisimama tukitazama ile tarakimu ndogo. Ilipanda tena mara moja. Ikatulia. Kisha ikashuka.

Walipanda na lifti watu saba, wameloa hadi kifuani. Baba Kyungu alitoka wa mwisho. Aliniona, akatazama fiche iliyobandikwa ukutani, akanitazama tena. Hakusema chochote. Nilidhani ni baridi.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kujaribu. Programu ya matoleo tuliendelea nayo, haikuwa na kosa, ilifanya ilichoahidi. Ila hakuna muunganiko uliotoka mezani kwangu kabla wahandisi wote wawili hawajasimama kwenye phonie, na sikuwauliza tena wamebadilisha nini. Hilo mashine inalijua. Niliwauliza: ulipokuwa unabadilisha, ulitegemea kitu gani kibaki palepale? Kasongo alilalamika kwamba ninawapotezea siku. Mkurugenzi naye alinilalamikia mpaka alipohamishwa. Waliokuja baada yake walikuta ndiyo desturi, wakadhani imetoka Ulaya.

Siku niliyostaafu walinipa saa ya ukutani na soda. Nilirudi nyumbani, kwenye kiwanja chetu kule Annexe, pembeni mwa mji, nikamkuta Baba Kyungu anamwagilia mboga. Nilikuwa na furaha, na kiburi kidogo, niseme kweli. Nikamwambia, "Papa wa Kyungu, nimemaliza. Kazi yote ile, na hakuna muntu alikufa juu yangu."

Akaweka ndoo chini. Ililala upande, hakuitazama.

"Mama wa Kyungu, kuko kintu sikukuambia. Ile siku ya maji. Ilifika ku magoti, benzangu balitaka kupanda. Lifti ilikuwa inatembea. Ni mi nilibakataza."

"Juu ya nini?"

"Nilibaambia: tungoje, pampu itaitwa. Ile programu, bibi yangu alisign."

Maji ya ndoo yalikuwa yanavuja taratibu kwenye tuta, na wala hakuna aliyeinama kuiokota. Watu saba walikuwa wamesimama pale, maji yakitoka magotini yakipanda kiunoni, kiunoni kwenda kifuani, na kilichowashikilia hakikuwa kufuli wala umeme. Lilikuwa jina langu kwenye karatasi. Amelibeba neno hilo peke yake miaka yote ili mimi niweze kwenda kazini asubuhi.

Vijana wa siku hizi huja kuniuliza mambo ya kujaribu programu. Wana kompyuta nzuri, na mashine zao zinaunganisha kazi za watu mia kwa dakika moja. Ninawaonyesha daftari la Mitego, ukurasa wa tano, lile neno la wino wa buluu. Sikulifuta. Kisha namwita Baba Kyungu atoke nje wamsalimie, kwa sababu nataka kabla hawajatia sahihi wawe wamemwona.