Maneno Yaliyobaki Nje ya Lango

Bwana wetu alipokwenda vitani Yerusalemu, ngome ya Rocheval ilibaki mikononi mwa mkewe, Bibi Hersenda. Aliamua kesi, akapanga zamu za walinzi, akasimamia mavuno. Funguo alimkabidhi Perronela, binti wa mwoka mikate, ambaye mumewe Gotie alifuatana na bwana kama mtunza farasi.

Perronela alimtamani mumewe bila kuficha. Kila hujaji aliyepita alimuuliza, "Hujakutana na mtu mrefu, mwenye kengeza, anayecheka ovyo?"

Wenzake walimtania: "Huyo hata maadui watamrudisha, kelele zitawashinda!"

Mwaka wa tatu, zabibu zikiiva, akaja Fulko, mdogo wake bwana, na askari.

"Kaka amekufa! Fungua lango, shemeji. Ngome si kazi ya mwanamke."

Bibi akamjibu kutoka juu ya ukuta: "Pete yake iko wapi? Huna? Basi rudi kwako, shemeji, supu inapoa."

Fulko akazunguka hadi mlango mdogo wa nyuma, alikokuwa Perronela.

"Dada, nilimkuta Gotie bandarini, mgonjwa. Kanipa maneno nikuletee. Fungua kidogo nikuambie."

"Yaseme hapo hapo."

"Ni ya mke na mume. Fungua, Kifaranga."

Perronela akausogelea mlango. Jina hilo alikuwa akiitwa na Gotie tu, tena chumbani. Aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Akalia kwa sauti, lakini mlango hakuufungua. Jioni Fulko akaondoka na watu wake.

Bwana alirudi baadaye, mzima. Gotie alikuwa amefia bandarini kwa homa. Bwana akakalia kiti chake, bibi akarudishwa kwenye sindano na uzi. Ndugu wawili wakapatana, ikafanywa karamu. Perronela akamiminia Fulko divai, akamuuliza yale maneno.

"Maneno gani? Ah, yale. Nimeyasahau, mama."

Tangu hapo wanawake hao wawili walikaa pamoja dirishani wakishona. Bibi aliangalia ukumbi ambamo kesi ziliamuliwa bila yeye. Kisha kila siku alimuuliza mwenzake, "Leo unadhani Gotie alisemaje?"

"Leo? Nadhani alisema nisimuuze punda."

Bibi akacheka. Perronela naye akacheka, kisha akageukia barabara.