Kinachokula Betri

Kwa mara ya tatu wiki hiyo gari la mkunga liligoma kuwaka, na kaka yake, fundi umeme wa magari, akahisi damu inamchemka. Betri ilikuwa mpya. Altaneta ilichaji vizuri. Lakini gari likilala tu, asubuhi betri haina kitu.

"Juzi nimefika mtoto ameshazaliwa mikononi mwa jirani," dada alisema. "Nikichelewa tena, mkubwa wangu ananihamishia ofisini kujaza fomu."

"Wewe unasahau taa, dada."

"Sisahau taa!"

Fundi akaichaji betri, akafunga milango, akaunga mita ya kupima umeme kwenye betri. Kila kitu kimezimwa, ila mshale wa mita ulikataa kushuka. Akaanza kung'oa fyuzi moja moja. Ya taa, wapi. Ya redio, wapi. Alipong'oa ya mwisho, kisanduku kimebaki kibogoyo, umeme bado ulikuwa unakwenda mahali.

"Unakwenda wapi, mwizi wewe?"

Mafundi wana desturi yao: mgonjwa akiwashinda, humtukana aliyemtibu kabla yao. Huyu naye hakubaki nyuma. Mchana kutwa, amelala chali chini ya dashibodi, shingo inamuuma, alimlaani fundi aliyetangulia, akamwita mchinjaji, akamwombea mikono ikauke.

Ndipo vidole vikagusa waya mwembamba uliotoka moja kwa moja kwenye betri, haukupita kwenye fyuzi hata moja. Akaufuata hadi kwenye kidude cha king'ora. Alikifunga yeye mwenyewe, mwaka juzi, dada alipoibiwa redio. Siku hiyo alikuwa anawahi harusi, akauunga waya moja kwa moja kwenye betri, akasema ni kwa muda tu, ataurekebisha. King'ora kilikufa zamani. Kidude kikaendelea kula, na kadiri kilivyooza ndivyo kilivyozidi kula.

Aliukata. Mshale ukashuka. Badala ya kufurahi, aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Umepata?" dada aliuliza. "Fundi gani kafanya hivyo? Nipeleke kwake, nina maneno naye."

Angeweza kumsingizia fundi wa mtaa wa pili, na dada angeamini.

"Ni mimi, dada."

Dada alimtazama, kisha akautazama ule waya.

"Yule mama alinisubiri saa mbili nzima, kaka," alisema taratibu.

Akaingia garini, likawaka mara moja, akaondoka bila kuaga. Fundi alibaki uani na waya mkononi, akitamani dada angalau angemtukana.