Dada na Banda la Gemu

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya chuo kikuu kuhusu michezo ya video, mtu wa kwanza niliyemhoji alikuwa dada yangu. Utotoni, pale Same, yeye ndiye msichana pekee aliyeingia banda la gemu akawafunga wavulana wote. Nilimkuta kwake Mwanga, akipepeta mchele wa Ndungu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Kumbe siku hizi mnasomea gemu?” alicheka.

Nikamwomba anieleze alivyokuwa akicheza. Akaweka ungo chini, akanyoosha mikono, vidole gumba vikaanza kubonyeza hewa. “Unamvuta beki hivi, halafu unapiga!”

Nilisahau maswali yangu yote. Watoto wake waliporudi kutoka shule, walimkuta mama yao amesimama, anashangilia goli.